Kennelly aliacha mshahara Sydney: je, ni kweli, na alikuwa mchezaji mkubwa?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Unguja, nafanya kazi hapa Muscat. Ofisini kwetu yupo Mwayalandi mmoja anayecheza kandanda lao la Kigaeli siku za mapumziko. Amenihadithia habari za mchezaji mstaafu, Tadhg Kennelly. Anasema alikuwa akilipwa vizuri Australia, akaacha mkataba, akarudi kwao kucheza msimu mmoja bila mshahara, akachukua kombe, kisha akarejea Australia. Nikamwambia hakuna mtu mwenye akili zake afanyaye hivyo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, huyu bwana alikuwa mchezaji mkubwa hasa, au anakumbukwa kwa kisa hicho tu? Nami nikitaka kuufahamu mchezo wenyewe, nianze kuangalia nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amekueleza kweli tupu. Tadhg Kennelly (jina la kwanza hutamkwa "Taig") aliagana na klabu ya Sydney Swans, ya ligi ya kulipwa ya kandanda la Kiaustralia, Januari 2009, akaichezea kaunti yake ya Kerry msimu ule, Septemba akatwaa ubingwa wa Ayalandi nzima, na 2010 akavaa tena jezi ya Sydney. Kerry haikumlipa mshahara kwa sababu haimlipi mtu yeyote. Lakini swali lako la pili ndilo lililonifanya nijibu kwa kirefu, maana wengi wanamsifu kwa kile kisa na hawajawahi kukaa wakaupima mpira wake.

Tuanze na nyumbani kwao. Listowel ni mji mdogo wa kaskazini mwa Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi, unaojulikana kwa waandishi wake na kwa mbio za farasi za kila Septemba. Kennelly alizaliwa Julai 1981. Baba yake, Tim, alikuwa beki wa kati wa Kerry ile iliyofundishwa na Mick O'Dwyer, timu ambayo hadi leo hutumika kama kipimo cha timu nyingine zote. Tim alitwaa ubingwa wa Ayalandi mara tano: 1975, kisha 1978, 1979, 1980 na 1981 mfululizo, na ule wa 1979 alikuwa nahodha. Mwaka 1982 Kerry walikuwa dakika chache tu wafikie taji la tano mfululizo, jambo ambalo hakuna kaunti iliyokuwa imelifanya. Ndipo Séamus Darby wa kaunti ya Offaly akaingia kutoka benchi akafunga goli lililowapokonya. Tim alikuwa uwanjani siku hiyo. Watu walimwita "Farasi" kwa nguvu zake na kwa jinsi alivyokuwa hasogezeki katikati ya ulinzi.

Mtoto wa mtu kama huyo, katika mji kama ule, haulizwi atacheza nini. Anaulizwa atavaa lini jezi ya Kerry, ya kijani na dhahabu.

Sasa hapa nikueleze kitu ambacho bila kukijua uamuzi wa 2009 utakuonekania wazimu. Kandanda la Kigaeli linasimamiwa na chama kinachoitwa GAA, kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884, na tangu siku hiyo ni mchezo wa ridhaa. Wachezaji wa kaunti ni walimu, mafundi umeme, wakulima, wafanyakazi wa benki, wanafunzi. Hulipwa gharama za safari, na serikali huwapa ruzuku kidogo, basi. Jumatatu baada ya fainali mbele ya watu 82,000 katika uwanja wa Croke Park, Dublin, anayetakiwa kazini huenda kazini. Na zaidi ya hilo, hakuna soko la usajili. Klabu ni ya parokia uliyokulia, na kaunti ni ya klabu yako. Sisi tumezoea mchezaji kuvuka kutoka Yanga kwenda Simba dirisha la usajili likifunguliwa. Kule Kerry haiwezi kwenda Dublin na hundi ikarudi na mshambuliaji. Sheria za uhamisho zipo, lakini zimefungwa na makazi na asili ya mtu.

Kwa hiyo medali ya ubingwa wa Ayalandi ni kitu ambacho fedha haikipati. Ukizaliwa kaunti dhaifu unaweza kuwa mchezaji bora wa kizazi chako ukazeeka bila kuishika. Ukizaliwa Kerry una bahati, lakini bahati hiyo ina muda: miili huchoka, na hakuna timu nyingine itakayokupa nafasi ya pili. Kennelly aliondoka akiwa hajaipata, wakati baba yake anazo tano.

Aliendaje Australia? Waaustralia wana mchezo wao, mpira wenye umbo la yai unaochezwa na watu 18 kila upande katika uwanja wa duara refu. Michezo hii miwili si ndugu wa damu kwa ushahidi wowote ninaouamini, ila inafanana vya kutosha: kudaka mpira juu hewani, kupiga kwa mguu kutoka mkononi, kukimbia bila kukoma. Miaka ya 1980 klabu ya Melbourne chini ya Ron Barassi ilianza kuchukua vijana wa Ayalandi kwa majaribio. Aliyefana kuliko wote ni Jim Stynes wa Dublin, bingwa wa vijana wa Ayalandi 1984, ambaye mwaka 1991 alitwaa medali ya Brownlow, tuzo ya juu kabisa ya mchezaji wa ligi ya Australia, na akacheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2025, ilipovunjwa na Jack Crisp wa Collingwood. Stynes alifariki Machi 2012 kwa saratani akiwa na miaka 45, na Melbourne ilimzika kwa heshima za kiserikali. Kila Mwayalandi anayekwenda kule hupimwa kwake, na nitarudi kwake baadaye.

Kennelly aliondoka akiwa na miaka 18 hivi. Naomba ukae kidogo na hili, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Mpira wa Kigaeli ni mviringo, unakaribia ukubwa wa huu wetu. Tangu utotoni mkono wake na mguu wake vilikuwa vimezoea kitu kinachodunda na kurudi palepale. Mpira wa Australia ukidundishwa vibaya unaruka pembeni, unakimbia, unakuaibisha. Na kudundisha ni lazima: ukikimbia nao, kila mita 15 uuguse ardhini. Kuudondosha kwenye mguu ili uupige ni somo jingine, kwani lazima ncha yake iangalie mahali sahihi wakati unapogusana na kiatu, vinginevyo unakwenda mrama. Na pasi ya mkono hupigwa kwa ngumi huku mkono wa pili umeshikilia mpira. Kisha kuna kukamatwa. Katika kandanda la Kigaeli unaruhusiwa kumsukuma mpinzani bega kwa bega na kuupangusa mpira kwa kiganja, lakini kumkumbatia na kumwangusha ni faulo. Australia kumkumbatia mwenye mpira na kumwangusha chini, mradi umemshika kati ya bega na goti, ni sehemu ya siku. Vijana wengi wa Kiayalandi hurudi nyumbani baada ya miaka miwili, na sababu kubwa ni hizi, pamoja na upweke.

Kennelly hakurudi. Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi mwaka 2001, na kufikia 2005 alikuwa miongoni mwa mabeki wa pembeni wanaotegemewa na kocha Paul Roos. Alikuwa beki wa kukimbia: anapokea mpira nyuma, anaupeleka mbele kwa kasi, anaugeuza ulinzi kuwa shambulizi. Ukiniuliza, huo ni Ukerry ulioingizwa katika mchezo wa Australia, maana beki wa Kerry hafundishwi kubutua mpira tu.

Septemba 2005 Sydney ilikutana na West Coast Eagles katika fainali, mbele ya watu zaidi ya 91,000 Melbourne. Ilikuwa mechi ngumu, yenye magoli machache kwa desturi ya mchezo ule. Sydney ilishinda 58 kwa 54. Sekunde za mwisho mpira mrefu ulipigwa kuelekea goli la Sydney, kundi la watu likaruka, na Leo Barry akaudaka juu ya wote. Klabu ile, iliyohamia Sydney kutoka South Melbourne, ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu 1933. Kennelly alipoitwa jukwaani kuvishwa medali, kabla ya kupokea alicheza ngoma ya kwao, miguu ikirukaruka, mikono imenyooka ubavuni. Itafute video yake uitazame, ni fupi sana. Alikuwa wa kwanza kati ya vijana waliochukuliwa kutoka kandanda la Kigaeli kutwaa ubingwa wa Australia. Stynes mwenyewe alicheza fainali moja tu, 1988, na Melbourne yake ikafungwa na Hawthorn kwa tofauti ya pointi 96.

Desemba mwaka huohuo Tim Kennelly alifariki ghafla kwa mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 51.

Sipendi kumsemea mtu yaliyo moyoni mwake, lakini Kennelly mwenyewe hakuficha kwamba kifo cha baba kilikuwa ndani ya uamuzi wa kurudi. Mwaka 2006 Sydney ilifika tena fainali ikapoteza kwa pointi moja. Aliendelea misimu mingine miwili, kisha Januari 2009, akiwa na miaka 27, akaomba kuondoka. Mwanangu, hiyo ndiyo miaka ambayo mchezaji wa kulipwa huvuna. Angengoja hadi amalize Australia, angerudi Listowel na miaka 30 na zaidi, magoti yamechoka, na Kerry isingemhitaji. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya, na ni ya mtu mwenye akili timamu kabisa. Mwambie mwenzako nimesema hivyo.

Kumbuka pia kwamba kurudi si kupewa namba. Kerry ya 2009 ilikuwa na Colm Cooper, Declan O'Sullivan, Paul Galvin, ndugu wa ukoo wa Ó Sé, watu waliokuwa wamecheza fainali mwaka baada ya mwaka. Kocha Jack O'Connor hakuwa na haja ya mgeni. Na Kennelly hakurudi kuwa beki. Alipangwa mbele, kiungo mshambuliaji wa pembeni. Kwa miaka tisa alikuwa ameishi na mpira wa yai, sasa amerudi kwenye mviringo, katika nafasi nyingine, akitakiwa kufunga.

Msimu wenyewe ulianza vibaya. Cork waliitoa Kerry katika mashindano ya mkoa wa Munster baada ya mechi kurudiwa. Kwa utaratibu wa wakati ule aliyeshindwa mkoani alipewa njia ya pili, ndefu. Kerry wakaipita kwa kuchechemea: Longford, kisha Sligo pale Tralee kwa pointi moja tu, huku Sligo wakipoteza penalti dakika za mwisho, kisha Antrim. Magazeti ya Ayalandi yalikuwa yameanza kuiandikia timu ile tanzia. Robo fainali ikaja Dublin, mabingwa wa mkoa wa Leinster, na Kerry wakawafumua goli 1 na pointi 24 kwa goli 1 na pointi 7 (goli moja ni sawa na pointi 3). Sijui timu nyingi zilizobadilika namna ile ndani ya wiki moja. Wakaitoa Meath, na tarehe 20 Septemba wakakutana tena na Cork walewale fainali.

Cork waliongoza mapema, Kerry wakarudi taratibu wakashinda pointi 16 kwa goli 1 na pointi 9. Kennelly alifunga pointi mbili. Mwisho wa mwaka akachaguliwa kwenye kikosi bora cha msimu cha Ayalandi, All Star, akiwa mmoja wa viungo washambuliaji watatu pamoja na Galvin, ambaye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka. Kwa hiyo anayesema alipewa medali kwa huruma ya jina la baba yake hakuangalia msimu ule.

Kuna doa, na mwenzako huenda hakukutajia. Sekunde za mwanzo za fainali ile Kennelly alimgonga vibaya kiungo wa Cork, Nicholas Murphy. Kitabu cha maisha yake kilipotoka baadaye mwaka huohuo, kilikuwa na maneno yaliyosomeka kama kwamba alikuwa ameazimia kumgonga mtu tangu mwanzo. Kukazuka gumzo kubwa, naye akakana kwamba alikusudia kumwumiza Murphy. Mimi nimeliangalia tukio lile na kwangu ni mchezo mbaya, kwa kipimo cha mchezo wowote kati ya ile miwili. Halifuti msimu wake, lakini watu wa Cork hawajalisahau, nao wana haki.

Akarudi Sydney 2010, akacheza misimu miwili, akatundika daluga mwishoni mwa 2011 na mechi 197 za ligi. Katikati ya miaka hiyo yote aliichezea pia timu ya taifa ya Ayalandi katika mechi zile za sheria mchanganyiko, ambapo Waayalandi na Waaustralia hukutana kwa mpira wa mviringo na kanuni zilizochukuliwa huku na huku.

Sasa je, alikuwa mkubwa? Jibu langu ni hili. Ukimpima kwa Australia peke yake, alikuwa mchezaji mzuri sana wa timu bingwa, si mfalme wa ligi. Stynes yuko juu yake, na sioni ubishi hapo. Ukimpima kwa Kerry peke yake, ana msimu mmoja mkuu. Colm Cooper ana medali tano za ubingwa na miaka 15. Kwa daftari lolote moja kati ya haya hatakuwa ukurasa wa kwanza. Ukubwa wake uko katika kuvuka mara mbili. Kwenda, wengi wameweza. Kwenda ukafika kileleni, wachache. Kwenda, ukafika kileleni, ukarudi kwenye mchezo wa kwanza ukiwa bado na ubora wa kuingia kikosi bora cha nchi, kisha ukavuka tena ukapata namba katika ligi ya kulipwa: hilo limehitaji mwili na kichwa ambavyo sijaviona kwa mwingine.

Kwa miaka 15 alikuwa peke yake mwenye ubingwa wa wakubwa wa nchi zote mbili. Kisha akaja Conor McKenna wa Tyrone. Yeye alianzia Australia na klabu ya Essendon, akarudi nyumbani, akatwaa ubingwa wa Ayalandi 2021, akaenda tena Australia na kushinda fainali ya 2024 na Brisbane Lions. Zach Tuohy wa Laois na Mark O'Connor wa Kerry walitwaa ubingwa wa Australia 2022 na Geelong. Na safari haiendi vizuri kwa kila mtu: Tommy Walsh, aliyefunga pointi nne katika fainali ileile ya 2009 akiwa kijana, alikwenda Australia mara baada ya hapo, akapata jeraha baya la misuli ya nyuma ya paja, na miaka yake kule ikaishia hapo.

Baada ya kustaafu Kennelly aliajiriwa na ligi ya Australia kusaka vipaji nje ya nchi, kisha akafanya kazi kwenye benchi la makocha la Swans. Wapo Waayalandi wanaomnung'unikia kwa kazi ile ya kwanza, wakisema alikuwa akiwachukulia vijana wao. Ninauelewa uchungu huo. Klabu ya parokia inamlea mtoto kuanzia miaka sita bila kulipwa senti, halafu anaondoka na hakuna ada ya uhamisho inayorudi. GAA ingeweza kudai fidia kwa klabu za chini zaidi ya inavyofanya, na huko ndiko ningeelekeza lawama kabla ya kumlaumu kijana wa miaka 18 anayeitwa kwenda kuishi kwa kucheza.

Kuhusu kuuangalia mchezo wenyewe, hapo Muscat ipo klabu iitwayo Clann na hOman, na huenda ndiyo ya mwenzako. Nenda ukaangalie mazoezi yao. Kila timu ina watu 15 (hapo Ghuba mara nyingi huwa pungufu, viwanja ni vidogo). Milingoti ina umbo la herufi H: mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi 1, ukiingia wavuni chini ni goli, sawa na pointi 3. Tangu 2025 anayefunga juu ya mwamba kutoka nje ya tao la mita 40 hupewa pointi 2, na mabao ya mbali yameanza kurudi. Mchezaji mwenye mpira haruhusiwi kwenda zaidi ya hatua nne bila kuudundisha au kuudondosha kwenye kidole cha mguu na kuurudisha mikononi, wala haruhusiwi kuudundisha mara mbili mfululizo. Kwa hiyo usiangalie mpira tu. Angalia miguu ya anayekimbia nao, hasa anapobanwa na mabeki wawili na hatua zimemwishia, uone anachagua nini. Fainali ya Ayalandi siku hizi huchezwa Julai badala ya Septemba. Mwombe mwenzako mkaiangalie pamoja, na umwambie kabisa kwamba ubishi wa Kennelly ameushinda.